Ncha ya Kilemba

Baba yangu mpendwa,

Leo pia umekuja. Nimesikia kitambaa kikisugua mwimo wa mlango, mara mbili, kisha kimya, kama ulivyokuwa ukitulia kukikunja. Nikajifunika shuka hadi kichwani, mtu mzima mwenye watoto wawili! Nilipotoka, kulikuwa na ule msumari tu, na mvua ya Kyela inanyesha bila haya.

Wewe unaujua msumari huo. Wengine watakaosoma barua hii hawaujui, kwa hiyo niseme.

Kila alfajiri, ukishaoga na kuomba, ulichana nywele zako ambazo hazikuwahi kuonja mkasi, kisha ukanipa ncha moja ya kitambaa cha bluu, mita tano nzima. Mimi mlangoni, wewe karibu na kitanda, tulikivuta na kukikunja kwa urefu mpaka kiwe chembamba, tayari kufungwa kilemba. "Ugonile," ulinisalimu, Kinyakyusa ulichofundishwa na mama, kuniuliza kama nimelala salama. Kisha: "Vuta kama unanisalimia, usivute kama unaninyang'anya." Watu walikuita Kalasinga wa mashine, maana ulitengeneza mashine za kukoboa mpunga kuanzia mjini mpaka Talatala. Mimi nilikuwa mshika ncha, na nilijiona mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Hapo mlangoni ndipo uliponifundisha dini yako. Guru wa kwanza, yaani mwalimu mkuu wa Makalasinga, ulisema, alikataa kumpima mtu kwa ukoo wake, na waliomfuata wakawaketisha matajiri na wafagiaji chini pamoja, wale chakula kimoja. Nawe ulifanya hivyo kila Jumapili kwa sufuria lako la dengu. Bwana mmoja wa forodha kutoka Kasumulu aliuliza kiti kiko wapi, ukamwambia, "Mkubwa, viti vyote vimekwenda harusini." Akakaa mkekani na wapagazi, akaongezewa mara mbili.

Hadithi niliyoipenda ilikuwa ya vichwa. Guru wa tisa alikatwa kichwa akiwatetea watu wa dini nyingine, wasali watakavyo. Mwanawe, Guru wa kumi, akasimama mbele ya umati na upanga, akauliza nani atampa kichwa chake.

"Alikipata?" niliuliza.

"Alipata vitano. Mmoja alikuwa kinyozi, mmoja mchota maji. Hakuwaua. Aliwabatiza, halafu akawapigia magoti wambatize na yeye. Zamani kilemba kilikuwa cha wakubwa, mama. Guru akasema kila mtu ana kichwa."

"Hata mimi?"

"Wewe ni Kaur, binti wa mfalme. Simama wima."

Nilisimama wima mpaka darasa la sita. Asubuhi ile wenzangu wawili walinipitia twende shule, wakatukuta tumetandaza kitambaa chumba kizima. "Baba yako anafungwa bandeji?" mmoja aliuliza, wakacheka mpaka wakashikana. Nikaiachia ncha. Ikaangukia kwenye dimbwi la mvua kizingitini, nami nikakuambia mbele yao, "Sitaki tena. Funga mwenyewe."

Hukugomba, Baba. Afadhali ungenichapa. Uliokota, ukakamua maji, ukasema, "Haya, mama." Kesho yake nilikuta umepigilia msumari kwenye mwimo, kimo cha mkono wangu. Kwa miaka yote iliyofuata uliining'iniza ncha yangu pale. Nilipopita ulinisalimu kama kawaida, na mimi niliitikia nikitazama chini. Nilikuwa nikijiambia nitaishika kesho. Nikaolewa, nikarudi nyumbani, hata mikono yako ilipoanza kutetemeka nilijiambia hivyo hivyo.

Ulipofariki, ndugu zako wa imani walisafiri kutoka Dar kuja kukuandaa kabla ya kuchomwa moto, kama dini yenu inavyotaka. Mmoja alikunjua kitambaa cha bluu juu yako. Nikanyoosha mkono. Mwenzake, mtu ambaye hakuwahi kukuona ukiwa hai, alikwisha kushika ncha. Nilisimama pale na mkono wangu hewani, na naona haya hadi leo. Majivu yako tuliyatia ziwani, wakaondoka. Wewe hukuondoka.

Leo nilipoingia jikoni nilimwambia mama kwamba mlangoni kuna panya. Alikuwa akichochea moto, hakugeuka.

"Panya hakunji kitambaa," alisema.

"Kumbe na wewe unasikia?"

"Tangu arobaini yake. Huu mwaka wa tatu unamwachia msumari, mwanangu. Kamshikie baba yako."

Mwanamke wa kwaya, Baba, anayekemea ushirikina kila Jumapili!

Nilichukua koleo kwenye sanduku lako la vifaa. Msumari ulikuwa umeota kutu, ulinisumbua, nikalia muda wote wa kuung'oa. Sasa mwimo una tundu tu.

Basi kesho alfajiri ukija, usiutafute. Nitakuwa nimesimama mlangoni, upande wangu. Naogopa, sitakudanganya, pengine nitafumba macho. Lakini ninyooshee ncha, nami sitaiachia, hata kijiji kizima kikipita na kucheka. Safari hii wa kwanza kusalimu nitakuwa mimi.

Ugonile, Baba?

Ni mimi binti yako,
Kaur, mshika ncha