Alhamisi za Ngamiani na Duara Nililolizua

Kwako Baba, uliyenizidi subira,

Nakuandikia kutoka chumbani mwako Chumbageni, juu ya meza uliyotumia kuandalia mahubiri. Mama amehamia kwa dada, Maramba. Nyumba nzima nimebaki nayo peke yangu, sina hata wa kubishana naye, na wewe unajua jinsi hilo linavyonitesa.

Chuoni Kampala, baada ya mazishi yako, nikisaka hoja za kuibomoa dini, niliangukia habari za Wakristo wa karne za mwanzo, watawa waliojitenga katika jangwa la Misri. Waliketi, Baba, wakainamisha vichwa, wakakariri sala fupi mchana kutwa, hata sala ikawa kama pumzi. Niliusoma ukurasa ule nimesimama kati ya makabati ya vitabu, nikaurudia. Nilikuwa nakusoma wewe.

Wewe, mwinjilisti wa kanisa letu, uliyekwenda Ngamiani kila Alhamisi jioni na kuketi barazani kwa Shehe Omari, mshona kanzu, rafiki yako. Ndani, wenzake walisimama duara wakileta dhikiri, Jina la Mungu likipanda na kushuka katika vifua vyao. Nje, wewe ulifumba macho, midomo ikicheza: "Bwana Yesu, unirehemu."

"Kunywa, Mwinjilisti," Shehe alikutania akikukabidhi kikombe. "Kahawa yetu haisilimishi mtu."

"Nami sikuja na maji ya ubatizo, Shehe. Kaa kwa amani."

Siku moja nilipokusindikiza, njiani tukirudi, nilikuuliza unafuata nini pale.

"Mlango wangu ni Yesu, mwanangu. Ila njia ya kuingia moyoni, naona wale wanaijua."

"Na wakata mkonge wanaokaushwa na jua mashambani, nao wafumbe macho?" nilifoka. "Mtu anayetawaliwa na wakoloni ana haki gani ya kufumba macho?"

Ukacheka. "Mheshimiwa, punguza sauti. Huku si mkutanoni."

Kisha wazee wa kanisa walipata habari, wakakuita. Uliwaeleza kweli tupu: ulikaa nje, ukaomba kwa jina la Yesu. Wakaniita nami, kijana msomi, niwe shahidi. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeinoa tangu alfajiri: "Nilimwona duarani, bega kwa bega nao, akiyumba kwa raha, huku watu wake wakiyumba kwa njaa!"

Hukuingia duarani hata siku moja. Nililiongeza duara kwa sababu bila hilo sentensi isingepanda. Wazee waliguna kwa kuridhika. Wewe ulinitazama.

Walikutenga na Meza ya Bwana, wakakuhamishia benchi la nyuma. Kwa desturi yetu, aliyetengwa hurudishwa kwa kusimama mwenyewe mbele ya usharika na kutubu. Nawe ulikataa kutubia jambo usilolitenda. Ulikufa ungali umetengwa, tukakuzika bila kengele, bila mchungaji. Shehe Omari alisimama kando ya watu, mikono ameikunjua kwa dua, na mimi sikuthubutu kumtazama usoni.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mchungaji na kitabu changu cha Kampala. Nilihutubu kwa muda mrefu juu ya watawa wa Misri, masufi wa dhikiri, hata Wahindi wanaoketi kuzichunga pumzi zao. Nilikiri kwamba imani zao haziwi moja kwa kufanana mikao. Lakini kiu ile, nilisema, kiu ile ni ya kila mwanadamu! Mchungaji alisubiri nimalize.

"Marehemu hawezi kusimama, mwanangu," akasema. "Wewe unaweza."

Jana, Jumapili, nilisimama. Mimi niliyezoea kutikisa mikutano, nilikuwa na sentensi mbili tu. Nilisema: "Baba hakuingia duarani. Nilisema uongo." Safari hii hakuna aliyeguna. Mama mmoja aliivuta kanga yake, akalia kimya kimya.

Wazee wameahidi kulijadili jina lako. Sijui wataamua nini. Mimi wamenitenga kwa ushahidi wa uongo. Nilikwenda nyuma, nikaketi peke yangu benchi zima, nikafumba macho, nikayaanza maneno yako. Pumzi ya kwanza ilipita, na ya pili. Ya tatu ikageuka hotuba, nzuri sana, Baba, yenye vituo vya makofi. Nikaiacha katikati. Nikaanza upya.

Pumzika huko ndani ulikotangulia.

Ni mimi mwanao, shahidi wako wa uongo