Spana Uliyozikwa Nayo

Tata Kalisti, fundi wangu,

Pampu yako ya Izigo ilisimama wiki mbili baada ya kukuzika. Akina mama wakarudi bondeni na ndoo, kwenye maji yale yale yaliyowaharisha watoto. Kila nati uliichonga pembe tatu, na spana inayoziweza ni moja tu duniani. Tulikuzika na koti lako la kazi. Mimi mwenyewe nilikufunga vifungo, na sikupapasa mfuko.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Miaka tisa nimefanya kazi nawe, hukuniachia hata siku moja niishike spana hiyo. "Cha wengi huharibiwa na wengi," ulikuwa ukisema, huku unacheka.

Mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa akakata shauri: "Spana ni mali ya kijiji, si ya marehemu. Kaburi lifunguliwe." Mkeo, Ma Justa, hakulia. Aliniita kibanjani mchana kweupe, akanionyesha kaburi lako kati ya migomba. Udongo ulikuwa umetitia. Nikaweka kiganja. Huko chini chuma kiligonga chuma: mara tatu, kimya, mara moja. Ndivyo ulivyokuwa ukipima nati kama imekaza. Niliogopa, Tata. Niliogopa sana.

Nikamwomba mwenyekiti siku nne kabla kaburi halijafunguliwa. Nikaenda Muleba kutafuta bolti za kawaida. Pampu nimeigawa vipande vitatu: kichwa, silinda na bomba la kunyonya. Kila kimoja kinatoka peke yake bila kusumbua kingine, kwa spana ya baiskeli tu, na hiyo haikosekani kijijini. Nati zako nilizikata kwa tindo, na kwa kila moja nilikuomba radhi. Ya mwisho, ile ya chini kabisa, haikungoja tindo. Ilizunguka yenyewe vidoleni mwangu, ina grisi mbichi. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Sijamwambia mtu.

Maji yametoka jana. Ma Justa alikifungua kichwa cha pampu mbele ya mwenyekiti kwa mikono yake mwenyewe, akakirudisha, akavuta mpini. Mwenyekiti alinawa uso, akaondoka bila kutaja kaburi. Mimi nililia palepale, mtu mzima.

Pumzika, fundi wangu. Hakuna jembe litakalokugusa nikiwa hai, nakuahidi. Na spana hiyo baki nayo. Ukininyooshea mkono kunipa, sitaipokea.

Mwanafunzi wako,
Deo