Neema Amesema Nisije

Kwako Dada Mapendo,

Najua barua hii hutaisoma mwenyewe. Atakusomea mchungaji, au yule binti wa jirani yako hapo kambini mwenye sauti ya juu. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu kama ninavyofanya kila Jumapili, lakini mambo haya nikianza kuyasema kwa mdomo nakwama. Shule niliishia darasa la tano, wewe unajua, kwa hiyo univumilie. Na wengine wakitaka kusikiliza, wasikilize. Sioni haya tena.

Naandika wakati wa mapumziko, nimekaa pembeni mwa ghala. Tumeshusha kontena mbili za vigae tangu alfajiri, na vidole vyangu vinashika kalamu kama vinashika koleo.

Alhamisi iliyopita mwanangu Neema aliimba shuleni. Huku Sydney mwezi wa nne majani ya miti hugeuka mekundu na kuanguka, na shule yao huwafanyia watoto wadogo tamasha la majira hayo. Neema ana miaka saba. Alikuwa jani. Usicheke, Dada. Walikuwa majani kama ishirini, wamevaa karatasi za njano na nyekundu kichwani, na sauti ya upepo ikitoka kwenye spika wanaanguka mmoja mmoja huku wakiimba. Yeye alipewa mistari minne ya kuimba peke yake. Wiki tatu nyumba nzima tuliimba mistari hiyo, hata maneno tusiyoyaelewa.

Mke wangu Riziki alikuwa kazini kwake, anakohudumia wazee, hivyo nilikwenda mimi. Nilibadilishana zamu na Mfiji mmoja tunayefanya naye kazi, nikatoka ghalani moja kwa moja na koti langu la kazi la rangi ya machungwa. Kwenye begi nilikuwa na kitenge cha Riziki, kile cha harusi. Nilikichukua asubuhi bila kumwambia.

Unajua nilichotaka. Kwetu mtoto akiimba vizuri, mtu wake hakai kwenye kiti akamtazama kama anatazama televisheni. Unainuka. Unakwenda mbele, unamtandikia kitenge miguuni akanyage, unapaza sauti ili watu wote wajue huyu ana kwao. Basi Neema alipofika mstari wa tatu, nikainuka.

Dada, ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Wazazi wote wamekaa, simu juu. Mimi napita katikati na buti zangu. Nikapanda ngazi za jukwaa, nikatandika kitenge mbele yake, nikapaza sauti, "Imba, mama! Imba, mama yangu!" Neema akanyamaza. Majani yote yakanyamaza. Muziki ukaendelea peke yake. Jani moja likaanguka kabla ya zamu yake. Mwalimu akaja akitabasamu, akanishika kiwiko, akaniambia polepole kwamba amefurahi nimekuja, na viti viko kule. Mstari wa nne haukuimbwa.

Wakati wa kurudi Neema alitembea hatua kumi mbele yangu. Siku zote nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, ndivyo walivyo watoto wa huku, lakini siku hiyo hakunijibu kwa lugha yoyote mpaka mlangoni kwetu. Hapo akageuka.

"Baba, siku nyingine usije," alisema kwa Kiingereza chake.

"Nilikuwa nakuheshimu. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Mimi sikuwa kwetu. Nilikuwa shuleni."

Riziki aliporudi nikamweleza yote. Alikaa chini palepale jikoni.

"Kitenge changu cha harusi? Mbele ya Wazungu? Na hizo buti?"

"Na hizi buti."

"Ee Bwana Yesu, nimeolewa na nani mimi!" Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, "Lakini mtoto amekuambia usije. Wiki ijayo Ijumaa wanarudia, kwa ajili ya wazee wa mtaa. Mwache aimbe kwa amani, baba Neema."

Nikakubali. Asubuhi yake, nikiwa ndani ya kontena nimeinama, ndipo nikakukumbuka wewe.

Nilikuwa darasa la tatu, siku ya kufunga shule. Mama alikuwa amekwisha kufariki, na wewe hata miaka kumi na sita hukuwa nayo. Uliacha shule ili mimi nisome. Nilisimama kuimba wimbo wa mahindi, nawe ukaja kutoka shambani, udongo hadi magotini, ukafungua kitenge chako, kimoja hicho ulichokuwa nacho, ukanitandikia. Ukabaki na ile sketi ya ndani yenye kiraka cha gunia. Wavulana wakacheka. "Dada yake amevaa gunia! Gunia la chumvi!" Njiani nilitembea mbele yako. Tulipovuka mto nikakuambia, "Dada, mwaka ujao usije."

Ukasema, "Sawa."

Na kweli hukuja. Hili sijawahi kukuambia: mwaka huo nilipewa wimbo mzima peke yangu, na tangu neno la kwanza hadi la mwisho nilikuwa natazama njia ya shamba. Watu walipiga makofi, nikayachukia makofi yao. Nilipofika nyumbani ukaniuliza, "Umeimba vizuri?" Nikasema ndiyo. Ukaendelea kutwanga mihogo. Mwaka uliofuata tulikimbia vita kabla ya siku ya kufunga shule.

Nisamehe, Dada. Nimechelewa sana kusema. Lakini sitakudanganya, nami nina neno na wewe. Ulinitii. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa mwenye aibu zake, na wewe ukanitii kama vile nimesema jambo la maana. Usingenitii. Ungekuja ukasimama nyuma kabisa, umejifunga kitenge chako vizuri, umenyamaza. Ingetosha.

Kwa hiyo nimeamua. Leo asubuhi nilimfuata msimamizi.

"Kesho sipo."

"Tena? Mtoto anaimba tena?"

"Anaimba tena."

"Kesho kuna kontena nne, rafiki."

"Zitanikuta Jumamosi."

Akaguna, akaandika kwenye karatasi yake.

Kitenge nitakiacha kabatini. Kama heshima ya huku ni kukaa kimya, nitajifunza kukaa kimya, hata ikibidi niikalie mikono yangu. Nimejifunza kuendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, bila kujua kusoma maandishi yake ya Kiingereza, sitashindwa na kiti. Lakini kutokwenda, hilo sijifunzi.

Mchana niliishia hapo, kengele ikalia. Sasa naendelea nikiwa nyumbani. Tulipokuwa tunakula nilimwambia, "Neema, kesho nakuja."

"Nilisema usije."

"Nilikusikia. Nakuja."

Akamtazama mama yake. Riziki akatazama sahani.

"Utasimama?"

"Sitasimama."

"Utapiga kelele?"

"Wakipiga makofi, nitapiga makofi. Hayo tu."

Akamaliza ugali wake, akapeleka sahani, akaingia chumbani na kufunga mlango. Riziki akanitikisia kichwa. Nimemuudhi mtoto, najua. Nikachukua kalamu nikuandikie hivyo, kwamba ameudhika na bado nakwenda.

Sasa hivi mlango umefunguka kidogo, kichwa kimechungulia.

"Baba. Mstari wa kwanza wa viti ni wa wazee. Wewe kaa wa pili, upande wa dirisha. Mimi nasimama upande huo."

Kisha mlango umefungwa tena.

Ubaki na Mungu, Dada. Mguu wako nasikia bado unakusumbua, usibebe maji mwenyewe. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa mstari wa pili, upande wa dirisha.

Ni mimi, mdogo wako.