Damu ya Wavulana wa Nambilanje

Jumatatu, 12 Juni 2006. Nachingwea

Majibu ya damu ya kwanza yamerudi. Nimeyaingiza kwenye kompyuta mwenyewe. Wasichana waliopata chanjo ya majaribio ya malaria wana kinga karibu mara mbili ya wavulana. Dozi ileile, umri uleule. Wasichana ndio walewale waliovimba mikono na kuchemka homa – tukadhani wanadeka. Dokta Octavian, mkuu wa utafiti, amesema tusubiri damu ya pili. Sawa.

Jumanne, 13 Juni

Damu ya pili ni wiki hii, na wavulana wote wa Nambilanje wameingia jando! Wako kumbini, porini, mpaka shule zifunguliwe. Mwanamke hasogei kule, kwa hiyo nesi Makrina amerudi kutoka huko na damu ya wasichana tu.

Dokta alifikiri kidogo. Akasema nigawe damu ya wasichana, nusu niandike majina ya kaka zao. Nyumba moja, mbu walewale. Nikasema, lakini Dokta, tofauti yao ndiyo tunayoitafuta. Akaniuliza mkataba wangu unaisha lini.

Anajua unaisha lini.

Jumatano, 14 Juni

Mama mmoja wa Nambilanje amekuja ofisini, mama yao Prisca na Severini, pacha waliopata chanjo yetu. Severini akitoka jando hatalala tena na dada yake. Chandarua ni kimoja.

“Mwanangu, wewe umesoma. Nani chanjo imemshika vizuri? Yule mwingine ndiye nimpe neti.”

Dokta akamjibu kwa furaha: wote sawa, mama.

Wote sawa! Hapana. Sitaandika damu ya Prisca kwa jina la Severini. Wanifukuze. Nimemwambia Dokta hivyohivyo. Akacheka: basi kaifuate mwenyewe kumbini.

Makrina amenifundisha kuchoma kidole. Nimechoma vyangu mpaka vimekwisha.

Ijumaa, 16 Juni. Nambilanje

Nimekuja na Fuso la mbaazi, kisanduku cha barafu mapajani. Naandika nikiwa juu ya gogo, njiani kuingia kumbini. Mzee Adinani, mlinzi wa kumbi, amenizuia na kuniuliza. Kwetu wapi? Bukoba. Jando niliingia wapi?

Makrina alinionya: mwanamume asiyetahiriwa akikanyaga kumbini hatoki kama alivyoingia. Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Ningeweza kudanganya. Lakini nimekuja huku kwa kukataa uongo. Nikasema: sijatahiriwa, mzee.

Wanaume waliokuwa naye wakacheka mpaka wakashika miti. “Karani mzima na kalamu mfukoni, kumbe bado mtoto!” Mwingine akasema ngariba aitwe, mteja kajileta na barafu yake.

Nikasema nichekeni kutwa, ila damu naitaka, barafu inayeyuka.

Mzee Adinani akauliza kwa nini nisichukue ya dada zao. Si tumbo moja?

“Tumbo moja, mzee, ila chanjo haikuwashika sawa. Na nyumbani kwa Severini neti ni moja.”

Hakucheka tena. Akaingia kumuuliza mkuu wa kumbi.

Anarudi. Ameongozana na ngariba, na mfuko wake wa ngozi wa visu. Severini simwoni.

Sibanduki kwenye gogo hili bila damu ya wavulana.