Mvua Iliyopimwa Dirishani

3 Juni

Mjukuu wangu,
Hujambo? Mimi mzima, ila kikohozi, nacho kitanichoka chenyewe. Nasikia unagombea nafasi chuo kikuu, mafunzo ya takwimu na hesabu za kisayansi kwa kompyuta, na utawaonyesha madaftari yangu ya mvua. Hapo umetumia akili! Miaka thelathini na moja nimesoma kipimo cha mvua kila saa tatu asubuhi, sikukosa hata siku moja. Hao maprofesa wanawe mikono kabla ya kuyashika.

Babu yako

10 Juni

Shikamoo Babu,
Pole na kikohozi. Usikasirike, lakini kompyuta imeona jambo. Daftari la kumi na mbili, miezi saba mizima, kila namba inaishia na sifuri au tano. Mvua haichagui namba, Babu. Mwalimu anayenisaidia na maombi hajaona bado. Usaili ni tarehe ishirini na tano. Nifanyeje?

Mjukuu wako

14 Juni

Wewe bibie,
Salamu sina. Kisanduku cha waya, kisichowahi kulowa tangu kizaliwe, kiniite mimi mwongo? Kinyaa kimenishika, nimetema mate mpaka nje.

Babu

18 Juni

Shikamoo Babu,
Basi yaishe. Ile miezi nimeifuta. Wakiniuliza nitasema kurasa zililiwa na mchwa.

Mjukuu wako

21 Juni

Mjukuu,
Mchwa? Kwenye daftari LANGU? Madaftari yote yalikaa ndani ya debe, juu ya kabati, nayapangusa kila Jumamosi! Unataka wanione mzembe? Afadhali mwongo, uongo angalau ni kazi.

Sikiliza. Mwaka ule nilianguka nikavunjika mguu. Ningesema, ofisi ya hali ya hewa ingempa kazi yangu dereva wao, mtu hata saa hajui kusoma. Nikakaa dirishani, naangalia mvua inavyopiga, nakisia: hii kumi, hii kumi na tano. Na nilikisia vizuri, ofisi nzima haikushtuka! Siku niliyoweza kutembea nikaenda kwenye kipimo. Kimejaa majani yaliyooza, chura amefia ndani. Nikakiosha, nikajinusa mikono, nikatapika. Sikuwahi kumwambia mtu, hata bibi yako.

Usinifutie. Waambie, na jina langu ulitaje.

Babu yako

27 Juni

Shikamoo Babu,
Niliwaambia yote. Mmoja wao akauliza, "Na babu huyo bado unamheshimu?" Nikamjibu, "Ndiye aliyeniagiza nimtaje." Akaandika.
Nafasi nimepata, Babu. Ila daftari linaingia kwenye kumbukumbu za chuo, na pembeni ya jina lako, kwa ile miezi saba, wameandika "haiaminiki". Nakutumia nakala uione mwenyewe, usije ukaisikia kwa watu.

Mjukuu wako

2 Julai

Mjukuu wangu,
Kikohozi kimepungua. Hilo neno nimelisoma mara tatu, nimebadilisha miwani, nimelisoma tena. Linanichefua. Miaka thelathini na moja, na jicho la mtu litaanzia hapo.

Lakini ni kweli. Kasome.

Babu yako