Karanja, Gari Yetu Imeenda

Karanja ndugu yangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Mwalimu wangu wa darasa la nne, ambaye ndiye wa mwisho kunifundisha kitu kwa chaki, alitupiga viboko kwa kusahau hilo. Lakini wewe nitakuuliza hali gani? Kamba ya kukushusha kaburini niliishika kwa mikono yangu. Kwa hivyo nitakupa habari zetu, na wewe nyamaza tu, kama ulivyokuwa ukinyamaza nikianza hadithi zangu za Juba.

Gari yetu imeenda. Nimeanza na hiyo ndiyo usije ukaisikia kwa mtu mwingine. Imeenda jana mchana, imechukuliwa na ndugu yako Gachanja, na mimi ndiye niliyempa ufunguo. Usikasirike. Ngoja kwanza nimalize.

Unakumbuka siku tuliyoinunua? Wazungu walikuwa wanauza kila kitu: ng'ombe, matandiko ya farasi, vitanda, hata mbwa wenye majina yao. Watu wote wenye akili walikwenda Moiben kwa yule bwana wa kuhamia Australia kuangalia shamba. Wewe fundi wa baisikeli wa Soy, na mimi dereva wa lori la mahindi, tukazunguka nyuma ya nyumba kuangalia gari. Kijani, viti viwili, paa la kitambaa, imelala chini kama kiatu. Nikavua koti langu la kanisani nikaingia chini yake. Nikavuta kijiti cha oili nione kama maji yameingia, imegeuka chai ya maziwa. Nikakuambia uwashe, nikapiga magoti nyuma kuangalia moshi. Ukiwa wa buluu, basi injini inakunywa oili, achana nayo. Ilikohoa mara moja, moshi mweusi, halafu ikawa safi kabisa. Moyo wangu ulicheza ngoma, lakini mdomo ukasema, "Bwana, hii ni mgonjwa. Mimi nimeendesha mpaka Juba, gari hainidanganyi." Nilikuwa nashusha bei, Karanja! Na wewe ukaharibu kila kitu. Ulikuwa umekaa ndani, umeshika usukani, unatabasamu kama bwana harusi. Mzungu akaona meno yako, bei ikakataa kushuka.

Tulikuwa tumekubaliana tutaendesha kwa zamu. Halafu tumbo langu likakutana na usukani. Ukaniambia, "Kiptoo, gari imekukataa kwa adabu." Nilicheka mpaka nikashika mlango. Basi wewe ukawa dereva, na mimi nikawa fundi, meneja, mshika saa, na mtu wa kuongea na wazungu.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya kanisa, tulikwenda kwa ule uwanja ambapo mzungu wa shamba kubwa alikuwa akitua na ndege yake ndogo. Pipa moja huku, pipa lingine kule. Gari moja moja: unakwenda, unazunguka pipa, unarudi, unarudia tena, na saa ndiyo inasema nani mwanamume. Siku ya kwanza wazungu walisimama na kofia zao, na vijana wa Kihindi wa mjini na magari yamepanguswa kama vikombe. Mmoja akakuuliza, "Umeleta gari ya nani?" Ukajibu pole pole, "Ya Kiptoo na Karanja." Kama jina la kampuni! Na watu wetu kwenye ua walipiga kelele, "Karanja! Kanyaga!" mpaka ndama wakakimbia. Nimeona miji mimi, nimelala Kampala, nimelala Mombasa, lakini sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile nikiwa nimeshika saa.

Halafu lile shamba lenyewe likauzwa, na wanunuzi ni sisi, kampuni yetu ya hisa. Ardhi tuliyokuwa tukiingia kwa ruhusa sasa ni yetu. Kamati ikasema mbio ziendelee mpaka watu wagawiwe. Tukapiga kura za ploti, na yako ikaanguka hapo hapo katikati ya uwanja wa ndege. Watu wakakuonea huruma, maana udongo ule ulishindiliwa miaka na miaka. Wewe ulikuwa unatembea na kile kikaratasi cha namba mfukoni mwa shati, unakitoa kila mara, unakisoma tena.

Wapimaji walikuja katikati ya wiki na minyororo yao. Jumapili tukatembea uwanja kwa miguu kama desturi yetu, tukiokota mawe na kufukuza mitamba, na katikati tukakikuta. Kigingi cha mpaka. Chuma ndani ya saruji, kimepakwa chokaa, na namba yako. Nikakuambia, "Ng'oa. Saruji bado mbichi. Jioni tunakirudisha, hata wazee wa kamati hawatajua." Hata kijana wa Kihindi alisema ng'oa. Uliniangalia kana kwamba nimekuambia ufukue kaburi la mama yako.

"Kiptoo, baba yangu alifia shamba la mtu. Mimi nilizaliwa shamba la mtu. Leo nimepata kigingi, halafu nikitoe kwa mkono wangu mwenyewe?"

Ukafunga kitambaa chako cheupe juu yake, ndiyo ukione ukija. Ukasema utakipita kwa kando. Na mara ya kwanza ukakipita kwa kando, vizuri kabisa, nikaona mkono wako umenipungia. Lakini hakukuwa na upepo, Karanja. Vumbi lako mwenyewe lilikaa pale pale likikungojea. Mimi nilikuwa kwenye pipa la mbali na saa yangu. Vumbi lilikuja kama kawaida. Gari haikutoka ndani yake.

Nilichokiona nilipofika sijamwambia mtu, na hapa pia sitaandika. Kigingi kilikuwa kimeegemea upande mmoja tu, kama mtu aliyechoka.

Tulikuzika kwenye ploti yako. Kati ya wenye hisa wote wewe ndiye wa kwanza kuhamia. Wengine bado tunagombana nani atajenga wapi, na wewe umeshatulia. Mzungu mmoja wa mbio alikuja, akasimama karibu na ua na kofia mkononi, halafu akaenda. Wiki iliyofuata walikuja kuchukua mapipa yao. Hakuna mbio tena kwetu.

Mimi nikachukua gari. Nikaivuta mpaka Soy nyuma ya duka lako, nikaanza kugonga bati kwa nyundo ya mti, pole pole, ndani na nje. Nikanyoosha ekseli. Nilikuwa naitengeneza kama ni wewe natengeneza. Watu wakisema, "Kiptoo, wacha hiyo kitu, imekula mtu," mimi najibu mzaha. Mke wako hakuwa na mzaha. Mama Wambui aliniambia mara moja tu, "Isipite mlangoni pangu." Basi nikawa nazungukia nyuma. Lakini sikuitupa, kwa sababu nilikuwa na mpango wangu: ningesogeza kiti nyuma, nipunguze tumbo kwa kula mboga, niende nayo Nakuru kwa mbio za huko. Nilitaka lile jina lisomwe tena kwa sauti. Kiptoo na Karanja. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nataka, Karanja. Sikuwa na kingine.

Halafu akaja Gachanja. Mazikoni hakuja. Alikuja nyasi zimeshaanza kuota juu yako, na viatu vinang'aa, na kofia ya manyoya. Hakuuliza ulikufaje. Aliuliza ploti ni gani. Akasema mbele ya watu, "Hisa ya ndugu yangu ni yangu. Huyu mama arudi kwao na watoto wake." Watoto wake! Kana kwamba Wambui hana pua yako. Na tukasikia amekwisha kupata mtu wa kununua, mfanyabiashara wa mjini. Yaani wewe ungelala ndani ya mahindi ya mtu mwingine. Wewe! Baada ya maneno yale yote uliyoniambia pale kwenye kigingi.

Nikamwendea Mzee Chumba, mwenyekiti. Unamjua, ana moyo mzuri lakini anaogopa sheria kuliko simba. Akaniambia, "Kampuni haijawahi kuandika jina la mwanamke. Kama shemeji yake hataki, mimi mkono wangu umefungwa." Mkutano ukapangwa uwe jana, kwenye banda la mzungu la kukamulia ng'ombe.

Nilifikiri kama lori likipanda mlima wa Timboroa na mzigo, kwa gia ya kwanza. Na nilipofika juu nikakumbuka kitu kimoja: tangu Gachanja aje Soy, alikuwa amepita nyuma ya duka mara nyingi, anajifanya anatafuta choo.

Jana niliipangusa mpaka nikajiona usoni. Nikakunja paa. Nikaiegesha mlangoni mwa banda, injini inanguruma kidogo kidogo, nikaingia nikaanza kusema. Unanijua nikianza. "Wazee, wazungu walikuja kwa hii gari na kofia, wakarudi nyumbani bila kofia, upepo wake tu umezibeba!" Wakacheka, na ni kikao cha marehemu. Nikamgeukia Gachanja. "Bwana mkubwa, hebu kaa tu. Kukaa hakuna deni."

Akakaa. Karanja, alitoshea. Kiti kile ulikipima kwa mguu wako, na mguu wa ndugu yako ni ule ule. 

Nikamwambia mbele ya wote kwamba nusu ya gari ni ya marehemu na nusu ni yangu, na leo nusu yangu naiacha. Lakini achague. Shamba ama gari.

"Nachukua zote," akasema. "Zote ni za ndugu yangu."

Mzee Chumba, Mungu ambariki, ndiye aliyenijibia. "Nusu ya Kiptoo utarithije? Kiptoo hajafa, anatusumbua hapa."

Na mama mmoja aliyekuwa akiuza uji mlangoni akatia lake: "Chukua shamba, baba! Panda hapo kwa uwanja wa ndege, utavuna kokoto debe kwa debe!"

Sikusema uongo hata mmoja. Nilimwambia udongo ule ni mgumu kama kichwa cha mkoloni, na ni kweli. Akakanyaga mafuta kidogo, akasikia ile sauti. Unaijua. Akauliza bila kuniangalia, "Hii inafika Nakuru?" Nikasema, "Inafika kabla yako." Akashuka, akatia kidole wino mbele ya wazee, kwamba ploti si yake wala ya watoto wake, na hatarudi kuidai. Halafu Mzee Chumba akaandika jina la mke wako. Akaandika vibaya, Mama Wambui mwenyewe akamsahihisha, herufi kwa herufi. Mwanamke wa kwanza katika kampuni yetu.

Kabla Gachanja hajaondoka nilimshikia mlango. Nikamwambia, "Breki ya kushoto hushika kabla ya ile ya kulia. Ukiteremka usikanyage ghafla." Akacheka. "Mzee, mimi ni dereva." Akaenda. Nilisimama nikiisikiliza ikibadilisha gia, ya pili, ya tatu. Ya tatu aliichelewesha, akaitesa. Na unajua mimi sikimbii, hata mvua huwa inaninyeshea nikitembea. Jana nilikimbia nyuma yake barabarani kama mtoto. Halafu sikuisikia tena.

Nikarudi. Mama Wambui alikuwa amekaa nje ya banda, anachagua maharagwe. Hakuwa ameinua kichwa gari ikipita. Akaniuliza, "Imeenda?"

"Imeenda, Mama."

Akatupa jiwe moja, akatupa lingine. Sikutegemea asante, na hakunipa. Akasema tu, "Mvua iko karibu. Tutaanzia upande gani?"

Trekta ya kampuni ilijaribu pale kwako, ikavunja sahani ya plau, dereva akateremka akakataa. Wazee wanasema pangeachwa pawe malisho. Lakini Mama Wambui na watoto hawawezi kula malisho, na ploti isiyolimwa watu huanza kuitazama kwa macho ya Gachanja. Basi nimemwambia tutaanzia hapo kwenye ugumu, chini ya miguu yako, na tutakwenda mpaka pipa la pili lilipokuwa. Mimi, mtu wa Juba na Kampala, ambaye sijashika jembe tangu nijifunze gia! Cheka. Nakupa ruhusa. Nimelinunua leo asubuhi, na mwenye duka aliniuliza ni la nani.

Sikuahidi kwamba patatoa mahindi mwaka huu. Pengine hata mwaka ujao hapatatoa. Ninachokuahidi ni kwamba hakuna mtu atakayemwondoa mke wako hapo nikiwa na pumzi, na ya kwamba udongo ule nitaupiga mpaka ulainike ama mimi nilainike. Nikishindwa nitakuja kukuambia hapo hapo, kwa mdomo, si kwa barua.

Kwaheri, dereva wangu. Jumapili usiningoje. Nitakuja Jumatatu, na jembe.

Ni mimi,
Kiptoo