Ile Gari ya Mwezini Uliacha Nusu

Mama Shiro,

Tumebomoa gari yako. Nimeanza na hiyo ndio isinikwame.

Ile ya mwezini. Ile ulikuwa unajenga na Shiro na tofali ndogo za plastiki, zenye yule mama wa Kiamunyi ulikuwa unamfulia nguo alikupea na ndoo yake wakihama. Ulifika mbele tu, pale dereva anakaa. Nyuma haikuwa na kitu. Ukashikwa na ugonjwa, ikabaki hivyo. Tangu tukuzike imekaa juu ya kabati, nimeifunika na kitambaa yako ya kanisa. Sikutaka mtu aiguse. Vidole zako ndio zilibonyeza zile vitu.

Mimi niko vile uliniacha. Mjengo tu. Saa hii tuko Rongai, tunajenga stoo ya mahindi. Mawe ni nzito, mgongo imekataa. Nikifika nyumbani nakula chenye Shiro amepika, nalala na soksi.

Sasa Shiro akasema klabu yao ya sayansi, siku ya kufunga shule, kila mtu apeleke kitu ametoa kwa kichwa yake, si ya kuiga. Anataka kupeleka gari ya mwezini. Nikamwambia sawa, lakini ya mama wacha ikae. Tumia zenye zimebaki kwa ndoo.

Nikamsaidia. Unanijua. Nilijenga vile najua. Msingi, alafu kozi juu ya kozi, laini ya tofali juu ya ingine, maungio isipatane, ndani nikajaza. Ilikuwa imara, Mama Shiro. Ungesimama juu yake. Tukaiweka kwa magurudumu, ekseli ikapinda, gari ikalala na tumbo.

Shiro akaizunguka. "Baba, hii ni gari ama ni ploti ya nyumba za kukodisha?"

Nikamwambia ukuta lazima ishike. Akaniuliza inashikilia nini na huko mwezini hakuna upepo.

Tukaanza upya. Yeye ndio fundi, mimi nampea mawe. Anataka nyepesi. Mifupa tu, tumbo wazi. Magurudumu sita, kila moja ipande mawe peke yake. Tangi ya maji juu. Nyuma shamba kidogo ya sukuma na kifuniko yake. Nikamuuliza sukuma ya nini huko.

"Mum alisema hawezi hamia mahali hakuna mboga."

Hapo nikakusikia kabisa.

Lakini tofali zikaisha. Mbele hakuna kitu, ekseli ya katikati inacheza. Zenye zimebaki ni zako. Shiro hakuniomba. Aliangalia juu ya kabati, akaniangalia, akaenda kuosha vyombo. Baadaye akasema basi atapeleka picha, atachora tu. Nikasema apeleke picha. Nikaenda kazi.

Huko kazi tulikuwa tunabomoa nyumba ya zamani ya mzungu, ndio tupate mawe ya stoo. Hiyo haitaki nyundo kubwa. Unaanza juu, unatoa moja moja, unakwangua simiti ya zamani, unapanga kando. Nikashika jiwe moja iko na moshi ya jikoni ya watu sijui ni akina nani. Nikaipanga na zingine. Hiyo wiki ikaingia kwa ukuta ya stoo, na ikakaa sawa.

Jumapili tukitoka kanisa nikashusha gari yako mwenyewe kutoka juu ya kabati. Nikamwambia Shiro, "Anza juu. Moja moja. Usivute na nguvu." Vidole zangu ni nono, haziingii hapo. Kazi yangu ilikuwa kushika bakuli. Kila moja ikianguka ndani naisikia hapa kwa kifua.

Akatoa paa. Huko ndani, nyuma tu ya kiti ya dereva, kulikuwa na kitu refu, bapa, upande moja imeinuka. Sikujua ni nini.

"Ni kitanda," Shiro akasema. "Ni yako. Mum alisema Baba hata akifika mwezini atafika kama amechoka."

Akacheka. Alafu akalia. Mimi pia. Hata chai haikupikwa hiyo siku.

Nikamwambia itoe pia. Akasema apana Baba, hii tunahamisha vile iko. Nikasema itoe, Shiro, ekseli inataka hizo bapa. Tukabishana. Mwishowe nikaitoa mimi, na kisu ya mkate. Ekseli sasa haichezi.

Inatembea. Shiro ameisukuma kutoka mlango mpaka kwa jiko. Nikaweka mwiko njiani, ikapanda, ikashuka, haikuanguka.

Wanafunga wiki ijayo. Siku ya kufunga shule wewe ndio ulikuwa unaenda. Mimi hiyo shule sijawahi pita geti. Nimeambia foremani sitakuja siku hiyo. Akasema, "Mzee, basi hata kesho yake usikuje." Nikamwambia kesho yake tutaongea.

Nitaenda. Nitakaa hapo na wamama wengine mpaka waite jina yake. Na mwalimu akiuliza ni nani alifikiria hiyo gari, nitasema ni Shiro na mama yake, niseme na sauti watu wasikie.

Wewe pumzika. Mimi kesho niko kazi.

Baba Shiro